Gunia la Maharage Nyuma ya Bingwa

Gesti yangu pale Nkwenda ina vyumba tisa. Siku za soko hujaa wanunuzi wa maharage na kahawa, na mara nyingine madereva wa malori wanaosubiri mambo ya mpakani yatulie. Siku zilizobaki nilikuwa nafagia vyumba ambavyo hakuna aliyevilalia. Mume wangu alishatangulia, watoto wana maisha yao Mwanza na Bukoba, na mwanamke mwenye vyumba tisa vitupu huanza kufikiria mambo ambayo akiwa na wageni asingeyafikiria. Ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ya mbio za pikipiki, mimi ambaye mpaka leo nikipanda bodaboda nafumba macho kwenye mteremko.

Mbio zenyewe sikuzianzisha mimi. Jumapili baada ya ibada, vijana wa bodaboda walikuwa wakikutana kwenye kipande cha barabara ya changarawe kilichonyooka, upande wa kwenda Mabira. Pikipiki mbili zinasimama sambamba kwenye mstari wa majivu, mtu anapuliza filimbi, na wa kwanza kufika kwenye mikaratusi ndiye mshindi. Ni hatua kama mia nne. Haina kona wala ujanja mwingi, na inakwisha kabla hujameza funda la chai. Lakini watu walikuwa wanajaa. Walisimama juani na nguo zao za kanisani, wakapigwa vumbi, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka.

Fundi pikipiki ambaye karakana yake inatazamana na geti langu ndiye aliyelisema kwanza.

"Dada, unawaona wale? Wote wamesimama bure."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Wewe una jina. Mimi nikienda kuomba kibali wataniambia mhuni. Wewe watakupa kiti ukae."

Kweli nilipewa kiti. Afisa aliyeshughulikia michezo, kijana mpole aliyeletwa kutoka Bukoba, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Barabara itafungwa kwa muda gani? Nani atasimamia watu? Gari la kubeba majeruhi liko wapi? Mtu akivunjika, nani atamtibu? Lile la mwisho nilijibu haraka: "Tutasaidiana." Aliniangalia kidogo, kisha akaandika.

Mdhamini wetu alikuwa mzee mwenye duka la vipuri, Mwislamu, ambaye baba yake alihamia huku kutoka Tanga zamani za kahawa nzuri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaagiza niletewe soda. Nilipomwomba pesa za zawadi alitikisa kichwa.

"Pesa sitoi, mwanangu. Nitatoa tairi mbili na cheni. Pesa italiwa jioni ile ile. Mwenye tairi mpya atarudi dukani kutafuta tyubu, na akirudi atakumbuka nani alimpa."

Nilirudi nyumbani nikijiona nimepunjwa. Baadaye nilielewa kwamba katika sisi wote, yule mzee peke yake ndiye aliyejua biashara.

Maana mimi nilikuwa nimepanga kama mtu wa mjini. Nilikodi jenereta na spika, nikanunua kamba ndefu ya kuzungushia, nikakodi gari dogo na kumlipa muuguzi akae ndani yake na vifaa vyake. Nikamlipa mwenye shamba la kando ili watu wakanyage kwake. Nikaweka vijana wawili kwenye kamba kukusanya kiingilio. Siku ilipofika, watu waliitazama ile kamba, wakaitazama na miteremko iliyo juu ya barabara, wakapanda zao migombani. Kilima kizima kilikuwa jukwaa la bure. Waliolipa walikuwa wageni wasioijua njia ya juu, na mwenyekiti wa kitongoji ambaye aliona aibu kupanda.

Jioni tulibaki na fundi tumekaa juu ya spika, hatuna nguvu hata ya kukunja kamba. Ada za waendeshaji zilitosha jenereta na muuguzi. Zilizobaki zilitoka mfukoni mwangu. Wakati huo huo akina mama waliouza mishikaki, ndizi za kuchoma na lubisi, pombe yetu ya ndizi, walikuwa wanafunga masufuria matupu wakiimba. Vyumba vyangu tisa vilikuwa vimejaa waendeshaji kutoka Kayanga na Bweranyange, wengine wakilala wawili wawili. Ndipo nikaona kwamba katika mbio hizi pesa haiko kwenye mbio. Iko pembeni, kwa anayelisha watu na kuwalaza, na kwa anayewauzia cheni.

Mara ya pili sikuzungusha kamba yoyote. Nilitoza sehemu za kuuzia chakula. Hilo liliniletea maneno, maana baadhi ya akina mama tunasali pamoja, na mmoja aliniuliza mbele za watu kama nimeanza kuuza barabara ya serikali. Nililipokea. Mbio ziliendelea mara kadhaa kila kiangazi, msimu wa kahawa, watu wakiwa na chochote mfukoni. Sikutajirika, lakini nilikuwa sifagii tena vyumba visivyo na wageni. Kuna majira nilijiona mtu wa maana. Vijana walinisalimia njiani, "Shikamoo mama mbio," nami nikawa naitikia.

Kisha akaja bingwa.

Alikuwa mtu wa Mabira, mwembamba, mwenye mke na watoto watatu, asiye na maneno mengi. Pikipiki yake haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba, kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenyewe, na mkataba ukiisha ndiyo iwe mali yake. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia na wagonjwa kwenye vile vijia vya kwao ambavyo gari halifiki. Fundi aliniambia siri yake ni mkono wa kushoto. "Wenzake wanaachia klachi kama wanatupa jiwe. Yeye anaiachia kama mtu anayeweka yai chini." Alishinda mara ya kwanza, watu wakashangilia. Alishinda ya pili, wakambeba. Alishinda ya tatu, wakapiga makofi kidogo wakaanza kushuka kilimani kabla sijatangaza zawadi.

Wiki moja kabla ya mbio zilizofuata, walikuwa wamejiandikisha watu watano tu. Waliokuwa wanajaza vyumba vyangu walituma wenzao watatu kuja kuzungumza nami.

"Mama, hatukudharau," alisema mkubwa wao. "Lakini tukilipa ada tunamchangia yeye. Ni kama harambee ya mtu mmoja."

"Kwa hiyo mnataka nimkataze?"

"Sisi hatujasema hivyo."

Hawakusema, lakini nilielewa. Nami nilikuwa nimeshalipia jenereta, nimeshachapisha matangazo, na wauza chakula wameshanilipa sehemu zao. Kumkataza mtu kwa kosa la kushinda nisingeweza. Kumwomba ashindwe makusudi niliona ni dhambi. Siku mbili nilizunguka na jambo hilo kichwani. Siku ya tatu nilikuwa kwenye karakana ya fundi, nikamwona bingwa anaingia na mteja na gunia la maharage nyuma, anataka kukaza cheni. Gunia lilikuwa limekaa vizuri kabisa, kana kwamba limezaliwa na pikipiki. Nikasema bila kupima:

"Ungeweza kushindana nalo hilo?"

Aligeuka kuliangalia. "Kilo ngapi?"

"Hamsini."

Akacheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka. "Mama, siku ya soko nabeba mia na mteja juu yake."

"Wenzako hawataki kushindana na wewe ukiwa huna mzigo. Ukibeba gunia watakuja."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Nikishinda, gunia ni langu?"

"Ni lako."

"Basi andika."

Fundi hakusema neno. Aliinama akaendelea na cheni. Nimelikumbuka sana lile neno ambalo hakulisema, ingawa sijawahi kumuuliza lingekuwa lipi.

Gari la matangazo lilipita Nkwenda, Mabira, likafika mpaka Bweranyange. Bingwa na gunia! Bingwa na gunia! Waliojiandikisha walifika thelathini na kitu, tukaanza kukataa wengine. Watu wa lubisi waliniongezea pesa wenyewe ili wapate sehemu ya karibu na mstari. Nilikwenda dukani kwa mzee wa vipuri kuchukua zawadi, nikamweleza kwa furaha. Hakufurahi.

"Mzigo wa soko hautembei mbio, mwanangu," aliniambia. "Anayeubeba anajua akifika mapema au akichelewa bei ni ile ile. Huu wako utakimbia."

"Amezoea, mzee."

"Amezoea kuubeba. Kuukimbiza hajazoea."

Nilichukua tairi nikamshukuru. Nilidhani ni uzee.

Siku hiyo sijawahi kuona watu wengi vile kwetu, hata kwenye mikutano ya uchaguzi. Kilima hakikuonekana majani. Bingwa alifunga gunia mwenyewe kwa kamba za tyubu, akalipiga kofi mara mbili kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Mzunguko wa kwanza alishinda. Watu walilia kwa kicheko na kwa raha. Wa pili akashinda, na wa tatu. Wa nne alishinda kwa urefu wa tairi moja tu, na hapo hakuna aliyekaa chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika kipaza sauti napiga kelele zisizo na maneno.

Fainali ilikuwa yeye na kijana wa Bweranyange mwenye pikipiki mpya. Filimbi ililia. Walikwenda pamoja, vumbi likawafunika, na walipotokea kwenye mikaratusi bingwa alikuwa mbele. Alishinda. Hilo liandikwe, maana wengine siku hizi wanasimulia vingine. Alishinda, akavuka mstari, akashika breki. Maharage hayakai kwenye gunia kama unga. Yanatembea. Baada ya mizunguko yote ile gunia lilikuwa limelegea, na alipokaza breki uzito wote ulihamia upande mmoja. Kamba ikakatika. Pikipiki iligeuka ikaingia mtaroni, na mguu wake wa kulia ukawa chini yake.

Nilikimbia na kipaza sauti mkononi bila kujua. Watu wote wakasikia pumzi zangu kwenye spika, kisha wakasikia nikisema, "Mawe! Mawe!" yaani mama yangu, kama mama zetu wanavyolia kwenye msiba. Muuguzi alifanya kazi yake vizuri, namshukuru mpaka leo. Alimfunga mguu kwa mbao, tukamwingiza kwenye lile gari dogo, safari ya kwenda hospitali upande wa Karagwe ikaanza. Nilipogeuka kutazama nyuma niliona wanawake wamechuchumaa barabarani wanaokota maharage kwenye vumbi. Niliona uchungu, nikadhani wanaiba. Kesho yake waliyaleta getini kwangu ndani ya beseni na kanga mbili, yamepepetwa, hayana jiwe hata moja. Hayakufika gunia, lakini yalikaribia.

Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili na ngozi imepasuka. Walimtoboa wakamwekea vyuma vya nje, vile watu wanavyoviita antena. Asubuhi mke wake alifika na mtoto mgongoni. Alimwangalia mumewe, akaangalia vyuma, akaniangalia mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi na nguo yenye vumbi la jana.

"Wewe ndiye mama wa gunia?"

"Ndiye mimi."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Lakini yeye alifungua mbeleko akanipa mtoto.

"Basi mshike. Nataka nimwoshe baba yake."

Nilimshika mtoto asubuhi ile, na asubuhi nyingine nyingi. Nilikuwa nikienda kila baada ya siku mbili, na chakula na sabuni, na pesa za dawa. Waendeshaji walichanga, siwezi kuwanyima haki yao, na mzee wa vipuri alituma bahasha bila salamu ndani. Lakini michango ina pumzi fupi. Wiki ya kwanza kila mtu ana uchungu, wiki ya tatu kila mtu ana shida zake. Mwenye pikipiki naye alikuja kuichukua, imepinda, akataka hesabu zilizolala. Nilimlipa, na fundi akainyoosha bila kutoza kitu. Nilimwomba mwenyewe asiuvunje mkataba mpaka mguu upone. Alikubali kwa sharti kwamba hesabu za kila wiki niwe natoa mimi.

Ndiyo maana mwaka ule kahawa yangu niliiuza butura. Kwetu kila mtu anajua butura ni nini, na kila mtu anajua haitakiwi. Kahawa ikiwa bado maua, mwenye pesa anakuja anatembea shambani, anataja bei yake ndogo, nawe unakubali kwa sababu shida haisubiri maua yaive. Marehemu mume wangu alikuwa anasema auzaye butura anauza mtoto tumboni. Nilimpitisha mnunuzi katikati ya miti aliyoipanda yeye, maua meupe yakinukia, nikapokea pesa nikaenda nazo hospitali kwa upasuaji wa pili.

Jambo lililonichosha kuliko hayo yote ni kwamba mbio hazijawahi kuwa na soko kama wakati ule. Video za gunia zilikuwa zimezunguka kwenye simu mpaka ng'ambo ya mpaka. Watu nisiowajua walinipigia kuuliza tarehe. Wauza bia ya viwandani ambao zamani hata simu yangu hawakupokea, sasa walikuwa wananitafuta wenyewe. Wale waendeshaji watatu walirudi, na safari hii walikuja na wazo.

"Mama, kila mtu abebe gunia. Itakuwa haki."

"Mwenzenu amelala na vyuma mguuni."

"Ndiyo maana tunasema tumfanyie yeye. Mapato yaende kwake."

Walisema kwa moyo safi, ninaamini. Na hesabu yao ilikuwa sahihi, siku moja ingelipa kila kitu na kahawa yangu isingeguswa. Nililiweka wazo hilo mbele yangu nikaona mkono wangu haunyanyuki kulipokea. Niliwaambia hapana. Baadaye nilikwenda kumwambia afisa wa michezo kwamba sitaomba kibali tena. Alisema hata ningeomba asingeandika, kisha akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Tuliongea habari za mgonjwa mpaka saa yake ya kutoka kazini ikafika.

Bingwa alirudi nyumbani akitembelea magongo, baadaye fimbo, baadaye bila kitu ila kwa kuchechemea. Mkataba wa pikipiki uliisha ikawa yake. Anabeba abiria kwenye njia nzuri, lakini vile vijia vya Mabira hawezi tena, maana mguu wa kulia ndio wa breki na hauna nguvu kwenye mteremko. Magunia amewaachia wengine.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja mfanyabiashara wa upande wa Karagwe alikuja kunitembelea. Ana mahema, ana spika kubwa, anafanya sherehe za harusi. Alisema anataka kuzifufua mbio, akaniomba mawaidha kwa heshima zote. Nilimweleza yote bila kumficha kitu. Asipoteze pesa kwenye kamba. Zawadi iwe vipuri. Atoze wauza chakula kabla ya siku yenyewe, na amlipe muuguzi kwanza kuliko mtu yeyote. Alikuwa anaandika kwenye simu.

"Na lile gunia, mama?"

"Gunia usiguse."

"Sawa, mama."

Baada ya majuma mawili matangazo yake yalibandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na gesti. Yalikuwa na picha ya pikipiki mbili, na nyuma ya kila moja gunia. Chini yake waliandika kwamba bingwa wa Mabira atakuwepo mwenyewe kupuliza filimbi.

Nilimtuma mtu amwite bingwa. Alikuja jioni hiyo hiyo, akaegesha pikipiki, akaniamkia. Nilimwekea chai na mihogo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali.

"Umekubali?"

"Nimekubali, mama."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu hasa. Ananilipa kusimama tu na kupuliza filimbi. Nikatae, watoto nitawaambia nini?" Alimega muhogo, akautazama. "Lakini nimemwambia gunia liwe la kilo ishirini, lijazwe mchanga, lishonwe likaze mpaka lisitikisike. Na kamba nitafunga mimi, zote, kwa mkono wangu. Bila hivyo siji. Amekubali."

Maneno yangu makali sikuyaona yalikokwenda. Nilimwuliza kama kuna siku ananilaumu. Alitafuna muhogo mpaka ukaisha.

"Siku za baridi," alisema. "Mguu ukiuma, nakulaumu kidogo. Ukiacha kuuma nasahau."

Niliona ni jibu la haki. Nilimwongezea chai. Aliniuliza kama nitakwenda kutazama, nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Jumamosi ya mbio ilipofika nilijilaza baada ya chakula cha mchana nikisema nipumzike kidogo, nikalala usingizi mzito ambao sikuupata kwa miaka. Nilipoamka mbio zilikuwa zimekwisha. Nilisikia pikipiki zikirudi moja moja barabarani, na watu wakibishana nani ameshinda.